Moshi Chini ya Dashibodi: Nilivyozikinga Loki za Umeme za Volvo 240

Loki ya umeme ya mlango wa gari imeundwa ifanye kazi kwa nusu sekunde hivi. Mota inapata umeme, inasukuma kijiti, mlango unafunga au kufunguka, umeme unakatika. Gari linaweza kuzeeka na loki zake zikabaki nzima, mradi nusu sekunde hiyo isivukwe. Ikivukwa, mota ndogo iliyojificha ndani ya mlango inageuka kuwa hita. Hili nililijua nikiwa ndani ya gari na familia yangu, moshi ukitoka chini ya dashibodi, na ninaliandika ili mwenye gari la umri huu alijue akiwa bado ametulia.

Gari ni Volvo 240 stesheni wageni ya katikati ya miaka ya 1980, usukani kulia. Volvo waliunda magari ya 240 kuanzia 1974 hadi 1993, zaidi ya milioni 2.8, na mengi yaliyofika kwetu bado yanatembea kwa sababu yaliundwa yadumu. Langu nililinunua Tanga kwa mzee mstaafu aliyelitunza kama mtu atunzavyo shamba lake. Bodi safi, injini safi, na loki za umeme zilikuwa zinafanya kazi vilevile kiwanda kilivyoziweka: mlango wa dereva hauna mota, una swichi tu ndani ya loki. Dereva akizungusha ufunguo au akibonyeza kitufe cha mlangoni kwake, swichi hiyo inaamrisha rilei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, na rilei zinapeleka umeme kwenye mota za milango mingine mitatu na ule wa nyuma wa mizigo.

Nilipohamia nalo Dar es Salaam nilitaka alamu yenye rimoti. Fundi niliyempata alifanya kazi ya haraka na iliyoonekana nadhifu. Aliongeza mota ya dukani kwenye mlango wa dereva ili rimoti ifunge milango yote, akaunganisha kisanduku cha alamu, akakiingiza nyuma ya dashibodi, akanikabidhi funguo. Kwa macho, kila kitu kilikuwa sawa.

Jambo moja lilikuwa limejificha ndani ya kisanduku kile. Visanduku vingi vya alamu za dukani vina uchaguzi wa urefu wa umeme unaotumwa kwenye loki. Kuna muda mfupi, kati ya nusu sekunde na kasoro kidogo ya sekunde nzima, kwa ajili ya mota za kawaida. Kuna na muda mrefu, sekunde tatu na nusu hivi, kwa ajili ya magari kama Mercedes-Benz W124 ambayo milango yake hufungwa kwa pampu ya hewa inayohitaji muda kujaza mirija. Uchaguzi wenyewe hufanywa kwa kipande cha waya unachokikata au kukiacha, au kwa kiunganishi kidogo cha kuchomeka. Cha kwangu kilikuwa upande wa pampu. Kila nilipobonyeza rimoti, mota zilimaliza kazi yake mapema kabisa, kisha zikaendelea kusukuma ukuta kwa sekunde tatu zaidi.

Dalili zilianza kidogo kidogo. Kwanza mlango wa nyuma wa mizigo ukaacha kujifunga. Kwenye 240 za stesheni hili ni gonjwa linalojulikana: waya zinazopita kwenye bawaba za mlango wa nyuma hukunjwa kila unapoufungua, na baada ya miaka mingi hukatika ndani ya ganda lake huku nje zikionekana nzima. Kwa kuwa mlango ule haukuitika, tukawa tunabonyeza rimoti mara mbili, mara tatu, tukidhani mara ya nne itakubali. Kila kubonyeza kukaongeza joto kwenye mota nyingine ambazo zilikuwa zimeshafunga.

Baadaye fyuzi ikaungua. Magari haya yanatumia fyuzi zile za mviringo zenye ncha mbili kali, nyeupe ni ya ampia 8, nyekundu 16, buluu 25. Nikiwa safarini, gereji moja ya njiani ikanibadilishia. Iliyowekwa ilikuwa ya buluu, kubwa kuliko namba iliyoandikwa kwenye kifuniko cha sanduku la fyuzi, na kwa kuwa vishikizo vilikuwa vimelegea, ncha zake zikazungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ili zishike. Mkono wa mtu unapofanya hivyo nia yake ni kukusaidia uondoke. Lakini tangu saa ile hapakuwa tena na kitu cha kukata umeme kabla ya waya zenyewe kuungua.

Jioni ya tukio tulikuwa kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo. Mvua ilikuwa kubwa, vioo vimepandishwa, taa, waipa na feni vyote vinafanya kazi, na betri ilikuwa imechoka. Mke wangu alibonyeza rimoti kufunga milango, kama tunavyofanya kila tukiwa foleni usiku. Rilei ikatetema, ikatoa sauti ya haraka kama kidole kinachogonga kopo, kisha kimya. Vitufe vya milango vikashuka vyote, vikabaki vimebanwa chini.

Harufu ilitangulia. Ukishawahi kunusa ganda la waya linaloyeyuka huisahau. Kisha moshi mwembamba ukaanza kupanda kutoka chini ya redio.

"Baba, mlango haufunguki," binti yangu alisema kutoka nyuma.

Alikuwa anavuta kitasa, lakini mota ya mlango wake ilikuwa bado inasukuma upande wa kufunga. Mtu mzima anaweza kuishinda mota ile: unakishika kitufe juu kwa vidole kwa nguvu, hukiachii, na mkono wa pili unavuta kitasa. Ndivyo nilivyotoka mimi. Mtoto wa miaka saba hawezi, na mama yake alilazimika kupita katikati ya viti kwenda kumsaidia. Mimi nilifungua boneti, nikakuta taminali ya betri imekazwa kwa nati inayotaka spana namba 10, na spana zipo nyuma kwenye mizigo. Mlango wa nyuma ulikuwa haujifungi. Ule ubovu wa waya kwenye bawaba, ulioanzisha matatizo yote, ndio uliotufungulia njia ya kufikia spana. Nilipoitoa taminali ya hasi, vitufe vikalegea mara moja na moshi ukapungua. Mke wangu na mtoto walikuwa wamesimama kwenye mvua, dereva wa bajaji aliyekuwa nyuma yetu amewafunika na turubai lake.

Usiku ule nilikaa sebuleni hadi alfajiri. Sikuogopa hasara ya gari. Niliwaza ingekuwaje kama ningekuwa nimeshuka kununua maji, nimewaacha wao wawili ndani. Kwa wiki kadhaa mke wangu hakukubali mtoto apande gari lile, na sikubishana naye.

Nililipeleka Ilala kwa mzee mmoja fundi umeme, mtu wa kazi za zamani, ambaye kabla ya kugusa chochote aliweka meza, karatasi na kalamu. Nilimweleza yote. Akaniuliza, "Fyuzi iliungua?" Nikamwambia hapana, fyuzi ilikuwa nzima mpaka mwisho. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, hapo ndipo pa kuanzia."

Akachukua mita, akazipima mota moja moja. Ukinzani wake ulikuwa karibu omu 2 kila moja. Volti 12 ukigawa kwa omu 2 unapata ampia 6. Hicho ndicho kiasi ambacho mota moja hula inapokwama. Mota ya mlango wa nyuma ilikuwa haipati umeme, kwa hiyo zilizobaki zilikuwa 4. Mara 6, ni ampia 24. Fyuzi ya 25 ingekaa hapo usiku kucha bila kusikia kitu, huku waya moja nyembamba inayozilisha mota zote ikibeba mzigo ambao haikuundwa kuubeba zaidi ya nukta moja ya muda.

Halafu akaniandikia hesabu ya joto, na hii ndiyo iliyonifungua macho. Ampia 6 kwa volti 12 ni wati 72. Kwa nusu sekunde, mota inapokea juli 36 za joto, kitu kidogo kinachopoa chenyewe. Kwa dakika moja ni zaidi ya juli 4,300, ndani ya kasha la plastiki linaloenea kiganjani, lisilo na upepo. Hata kama fyuzi sahihi ingekuwepo, mota moja iliyokwama kwa ampia 6 isingeikata fyuzi ya 16. Fyuzi kubwa ya mfumo inalinda waya kubwa. Mota inalindwa na muda, na muda unasimamiwa na rilei. Rilei ikishikana, hakuna mlinzi.

Na rilei ilishikana kwa nini? Betri ilikuwa chini. Koili ya rilei, yaani waya uliozungushwa unaogeuka sumaku, isipopata volti za kutosha haivuti kwa uthabiti, inashika na kuachia haraka haraka, na kila kuachia kunapiga cheche kwenye ncha zake. Cheche zikizidi, ncha zinayeyuka na kuungana. Ule mtetemo tuliousikia ulikuwa ncha zinachomelewa. Tangu siku ile sichukulii betri dhaifu kama kero ya asubuhi ya kuwasha gari tu.

Matengenezo yalianzia mahali ambapo sikutegemea: kwenye vyuma. Mzee alikataa kununua mota mpya kabla loki zenyewe hazijasafishwa. Tulifungua kava za milango yote. Grisi ya zamani ilikuwa imekauka ikawa kama gundi, na kijiti cha mlango mmoja kilikuwa kimepinda kidogo na kusugua bodi. Tulisafisha kwa petroli, tukakausha, tukapaka grisi nyeupe nyepesi, tukanyoosha kijiti. Kipimo chake kilikuwa rahisi: mota ikiwa imetolewa, loki iende na kurudi kwa kusukumwa na kidole kidogo cha mkono. Loki isiyopita kipimo hicho itakula mota yoyote utakayoifunga, iwe ya kiwandani au ya dukani. Tukiwa hapohapo tulizibua matundu ya kutolea maji chini ya milango na kurudishia karatasi ya nailoni nyuma ya kava, ambayo mtu aliwahi kuichana na kuitupa. Kwa mvua za masika na hewa ya chumvi ya Dar, mlango usio na nailoni ile ni bafu la mota.

Kwenye bawaba ya nyuma alikata waya zote, si ile moja iliyokatika tu, maana zote zina umri mmoja. Akaweka mpya zenye nyuzi nyingi nyembamba zinazokunjika kirahisi. Viungio aliviweka mbali na sehemu inayokunjika, ndani ya paa upande mmoja na ndani ya mlango upande wa pili. Mafundi wengi hulehemu palepale ilipokatika. Risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu, na waya hukatika tena sentimita moja pembeni baada ya miezi michache. Tepu nayo hairuhusiwi sehemu ile. Joto la jua huifanya iteleze na kuacha waya uchi. Tumia mipira ya kubana kwa joto.

Kisha kinga zenyewe. Fyuzi kubwa ilirudi kwenye namba ya kifuniko, vishikizo vikasuguliwa kwa msasa laini na kukazwa mpaka fyuzi ishike bila msaada. Kila mota ikapata kinga yake ndogo inayojirudisha yenyewe, ya kuhimili ampia 2.5 na kukata kuanzia 5. Kinga hizi ni visahani vidogo vinavyopata moto mkondo ukizidi, ukinzani wake unapanda ghafla na mkondo unabaki mdogo mno. Kwa pigo la nusu sekunde hazishtuki kabisa. Mota ikiendelea kukwama, zinapata moto na kukata, na hazirudi mpaka umeme uzimwe. Kuna aina nyingine ya bati linalokunjika kwa joto ambayo hujirudisha yenyewe na kukata tena, tena na tena. Kwenye loki siipendi, kwa sababu mota inaendelea kupikwa kwa awamu. Usijaribu kuweka fyuzi ya kawaida ya ampia 5 kwa kila mota ukidhani umelinda: ampia 6 zinaweza kupita kwenye fyuzi hiyo kwa muda mrefu kabla haijakatika.

Kwenye koili za rilei aliweka dayodi, kifaa kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja tu, aina ya 1N4007, mstari wake ukielekea upande wa chanya. Koili ikikatiwa umeme hurusha volti nyingi kinyume, na volti hizo ndizo zinazoua taratibu swichi ya dereva na elektroniki za kisanduku cha alamu. Hapa kuna mtego ambao nusura niuingie nilipotaka kuongeza dayodi nyingine mwenyewe kwenye mota. Mota ya loki hugeuziwa umeme, chanya huku ikifunga, chanya kule ikifungua. Dayodi ya kawaida ukiiweka kwenye nyaya zake, upande mmoja itakaa kimya na upande wa pili itapiga shoti kamili. Mzee alinishika mkono.

Kuna shoti nyingine ya aina hiyo ambayo mafundi huipiga bila kujua. Katika mifumo mingi ya loki, rilei zikiwa zimepumzika nyaya zote mbili za mota zimeunganishwa na bodi ya gari. Ukitaka kuijaribu mota kwa kuigusisha waya wa moto bila kwanza kuitoa soketi yake, umeunganisha betri na bodi moja kwa moja. Toa soketi, ndipo ujaribu.

Wakati wote wa kazi hiyo, mahali pa fyuzi palikaa balbu ya wati 21, ile ya indiketa, iliyolehemewa nyaya mbili. Kukiwa na shoti popote, balbu inawaka kwa mwanga wote na mkondo hauzidi ampia 2. Hakuna waya inayoungua, hakuna fyuzi inayopotea. Kila tukigusa au kukunja waya tuliiangalia balbu. Sijui kwa nini kila gereji haina moja iliyoning'inia ukutani.

Alamu sikuitupa. Tulikata kile kipande cha waya, pigo likawa fupi, na kisanduku kikahamishwa mbali na bomba la hita. Taminali ya hasi nayo nikaibadilisha, nikaweka yenye kitasa cha kuzungusha kwa mkono, isiyohitaji spana. Hiyo ningeifunga kwanza kabla ya kitu kingine chochote, hata kama bajeti yako inaruhusu kitu kimoja tu mwezi huu. Mtungi wa kuzimia moto, wa unga mkavu, uko chini ya kiti cha dereva na sio nyuma kwenye mizigo.

Gharama: ufundi, waya, rilei na mota mbili zilizokuwa zimeungua vilikula zaidi ya laki nne. Kinga zote, yaani vile visahani, dayodi, taminali na fyuzi sahihi, hazikufika laki moja. Zilichukua muda kupatikana kuliko zilivyochukua fedha. Niliishia kuagiza visahani mtandaoni baada ya kuzunguka maduka ya elektroniki ya Kariakoo.

Mambo mawili yanayotokea nje ya mlango yanaweza kuharibu kazi yote hii. La kwanza ni ule mtindo wa kuchomoa taminali ya betri injini ikiwa inanguruma ili kupima kama alternata inachaji. Betri ikiondoka ghafla, alternata hurusha makumi ya volti kwenye kila kifaa, na elektroniki za alamu huwa za kwanza kufa, wakati mwingine zikiwa zimeacha rilei imeshika. Pima kwa mita: gari limezimwa na limepumzika, volti 12.6 hivi, linanguruma, kati ya 13.8 na 14.4. Likipita 15, peleka katauti, yaani kidhibiti cha chaji, ikaangaliwe leo. La pili ni kuchomelea bodi. Magari ya umri huu hayaepuki kutu, na hapa pwani ndiyo kabisa. Kabla fundi hajawasha mashine, toa nyaya zote mbili za betri na chomoa soketi ya alamu, kisha msimamie aibane ethi ya mashine, yaani waya wake wa kurudishia umeme, karibu na anapochomelea.

Na kama gari lako tayari lina alamu ya dukani na hujui iliwekwaje, unaweza kupima bila kufungua kitu kikubwa. Toa soketi ya mota moja mlangoni, weka balbu ndogo ya volti 12 mahali pake, funga mlango na ubonyeze rimoti. Balbu ikimulika mara moja na kuzima, uko salama kwa upande huo. Ukiweza kuhesabu hadi tatu huku bado inawaka, toa fyuzi ya loki sasa hivi, utumie ufunguo mpaka fundi akifungue kisanduku.